Lahaja za Sataranji: Nani Mwenye Kanuni?

Miongoni mwa imani zilizokita mizizi katika fikira za wengi wetu ni ile isemayo kwamba kanuni za jambo lolote lenye hadhi zimekuwapo tangu jadi, na kwamba anayethubutu kuzigusa ni mharibifu. Imani hii huwapata wanasarufi, huwapata wajuzi wa ushairi, na huwapata vilevile wachezaji wa sataranji, mchezo ambao vijana wetu wanauita chesi na ambao si shule haba za humu nchini zimeukumbatia. Mwambie kijana aliyebobea katika mchezo huo kwamba kuna watu wazima wenye akili timamu ambao starehe yao ni kubuni kete mpya, kuziandikia kanuni na kujadiliana juu yake kwa miaka na mikaka, naye atakujibu bila kusita: "Hiyo si sataranji." Nakusudia katika safu hii kumtetea huyo anayebuni, na kueleza ni kwa nini mwalimu wa lugha ana sababu ya kumtegea sikio.

Tuanze na jina lenyewe. Sataranji ni neno lililosafiri. Waajemi waliupokea mchezo huu kutoka Bara Hindi, ulikoitwa chaturanga; Waarabu wakaupata kwa Waajemi na kuuita shatranj. Katika mchezo huo wa kale hapakuwa na malkia. Ubavuni mwa mfalme alisimama mshauri wake, firzan, ambaye alikwenda hatua moja tu kwa hanamu, mithili ya mzee wa baraza mwenye busara nyingi na miguu mizito. Askofu pia hakuwapo. Mahali pake palikuwa na ndovu, al-fil kwa Kiarabu, aliyeruka hadi mraba wa pili kwa hanamu na hakuweza zaidi ya hapo. Wahispania hata leo humwita askofu wao alfil, wala haiwashughulishi kwamba mnyama huyo amekwisha kupoteza mkonga.

Mshauri huyo alipofika Ulaya aligeuzwa malkia kwa jina, lakini nguvu zake zilibaki zile zile duni. Mwishoni mwa karne ya 15, huko Hispania, ndipo wachezaji walipomfungulia milango: wakamruhusu aende atakako, umbali wowote, kwa mstari au kwa hanamu. Ndovu naye akapewa hanamu nzima. Kitabu cha Lucena, kilichopigwa chapa mjini Salamanca mwaka 1497, kina mafumbo ya mchezo wa kale na ya mchezo mpya katika jalada moja, kana kwamba mwandishi wake alisimama kwenye njia panda. Mabadiliko hayo hayakupita bila kejeli. Wafaransa waliuita mchezo mpya sataranji ya bibi mwenye wazimu, na Waitaliano nao wakauita kwa jina la maana kama hiyo. Bila shaka yuko mzee fulani wa zama hizo aliyetikisa kichwa na kusema, "Hiyo si sataranji."

Basi huyo kijana wetu anayeulinda mchezo usichafuliwe analinda kitu kilichozaliwa kwa kuchafuliwa. Anachocheza ni lahaja mojawapo iliyobahatika kushinda. Mwanafunzi wa historia ya Kiswahili hatashangaa. Kongamano la Mombasa la mwaka 1928 liliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia usanifishaji huo katika Afrika Mashariki. Kimvita hakikufa siku hiyo, wala Kiamu, wala Kipemba. Hazikupungukiwa na kanuni lahaja hizo. Zilichokosa ni ule muhuri. Wale wanaocheza bao wanalifahamu jambo hili bila kuhubiriwa: kuna bao la kujifunza, ambalo mtoto huanza nalo, na kuna bao la Kiswahili lenyewe, lenye namua na mtaji wake, na hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba la kwanza si bao.

Wasomi wa isimu wana deni kubwa kwa sataranji. Ferdinand de Saussure, Mswisi aliyefariki mwaka 1913 na ambaye mihadhara yake ilikusanywa na kuchapishwa mwaka 1916, aliutumia mchezo huu kueleza lugha ni kitu gani. Alisema kwamba kubadilisha kete za mti kwa kete za pembe hakuugusi mchezo hata kidogo, ilhali kuongeza au kupunguza idadi ya kete ni kugusa sarufi yake. Thamani ya kete haitokani na umbo lake. Hutokana na uhusiano wake na kete nyingine. Hata hivyo, aliona mahali ambapo mfano wake unachechemea: mchezaji hukusudia kusogeza kete, ilhali lugha haikusudii chochote, hubadilika yenyewe chini ya ndimi za watu. Mimi huona kwamba wabunifu wa lahaja za sataranji wanakaa hasa katika pengo hilo. Hao ni watu wanaoibadilisha sarufi yenyewe kwa makusudi, kisha wanangoja kuona kitakachotokea.

Na si wachache. Mwingereza David Pritchard alipochapisha ensaiklopidia yake ya aina za sataranji mwaka 1994, alikuwa amekusanya zaidi ya 1,400. Nyingi kati ya hizo, niseme ukweli, hazina ladha. Mtu hupanua ubao, hutia kete kumi za majina ya kutisha, kisha haipati hata siku moja ya kuucheza mchezo wake mwenyewe. Lakini zilizo nzuri ni nzuri kweli, na uzuri wake unaweza kuelezwa.

Mtazame panzi, kete aliyobuniwa na Mwingereza Thomas Rayner Dawson mwaka 1913. Panzi huenda kwa mistari ile ile ya malkia, ila hawezi kwenda pasipo kitu cha kuruka. Sharti aikute kete katika mstari wake, iwe ya rafiki au ya adui, airuke, na kutua katika mraba unaofuata papo hapo. Kanuni ni hiyo tu. Sasa fikiri matokeo yake. Malkia na askofu hupata nguvu kadiri ubao unavyozidi kuwa mtupu. Panzi hupata nguvu kadiri ubao unavyojaa, na akiachwa peke yake uwanjani hawezi kupiga hata hatua moja. Kanuni ya maneno machache imepindua hesabu yote ya mchezo, kwa maana sasa kila kete unayoila huenda ikawa ngazi unayojivunjia mwenyewe.

Mfano wa pili ndio nipendao zaidi. Mwaka 1953 Mwingereza mwingine, V. R. Parton, alibuni mchezo aliouita kwa jina la Alice, yule msichana wa hadithi za Lewis Carroll anayepenya kioo na kujikuta upande wa pili. Huchezwa kwa mbao mbili. Kete zote huanza katika ubao wa kwanza, na kila kete inaposogezwa hupenya na kuhamia mraba huo huo katika ubao wa pili. Ikisogezwa tena hurejea. Masharti ni mawili: hatua iwe halali katika ubao inakofanyika, na mraba wa ng'ambo uwe mtupu. Ngome iliyoko ubao huu haiwezi kumgusa mfalme aliyeko ubao ule, hata wakitazamana ana kwa ana. Lakini tafakari juu ya farasi. Farasi kwa desturi yake hubadilisha rangi ya mraba kila anaporuka; katika mchezo huu hubadilisha na ubao pia. Kwa hiyo farasi aliyeanza kwenye mraba mweusi wa ubao wa kwanza hatakanyaga mraba mweupe wa ubao huo maisha yake yote, wala mraba mweusi wa ubao wa pili. Nusu ya dunia amefungiwa. Parton hakuhitaji kuiandika kanuni hiyo. Ilijizaa yenyewe kutokana na kanuni mbili zilizokutana.

Hapo ndipo ninapoona udugu wa kweli baina ya mchezo na lugha. Hakuna aliyeketi akaamrisha kwamba mzizi wa kitenzi cha Kiswahili uweze kubeba viambishi vinavyoleta *pigiana*, *pigishana* na *pigika*. Vilipatikana viambishi vichache, vikaruhusiwa kufuatana, na msitu mzima ukaota. Mbunifu mzuri wa kanuni hupanda mbegu chache. Mbunifu dhaifu huleta miti iliyokwisha kukua, akaichomeka ardhini mmoja mmoja.

Mmarekani Ralph Betza aliupeleka udugu huu mbali zaidi, sijui kama kwa kukusudia, kwa kubuni namna ya kuziandika kete kwa herufi. Herufi W humsimamia waziri, jina ambalo msomaji wa Kiswahili halihitaji kufasiriwa. Ni kete inayokwenda hatua moja mbele, nyuma au kando. Herufi F humsimamia firzan, yule mshauri wetu mkongwe wa hatua moja kwa hanamu. Ziunganishe, WF, na umempata mfalme. Irudie W, WW, na hatua ya waziri inaendelezwa hadi mwisho wa mstari: umepata ngome. Kisha kuna herufi ndogo, ambazo ni viambishi vitupu. Herufi m humaanisha kwenda bila kula, c humaanisha kula, f humaanisha mbele tu. Askari wa kawaida, yule mdogo wa safu ya mbele, huandikwa mfWcfF, ukiacha ile ruhusa yake ya kuanza kwa hatua mbili: huenda mbele kama waziri, na hula mbele kama firzan. Mwanafunzi anayeweza kuchambua *atakayempikia* hatashindwa na mfWcfF. Ni kazi moja.

Betza alibuni pia sataranji ya majeshi tofauti, ambamo kila mchezaji huja na kete zisizofanana na za mwenzake, lakini majeshi yakadiriwe kuwa na nguvu sawa. Ugumu wa kazi hiyo haufahamiki hadi mtu aijaribu. Kwa hesabu ya kawaida ya vitabu vya sataranji, ngome ni alama 5 na askofu ni alama 3, ilhali malkia, ambaye ni ngome na askofu katika mwili mmoja, ni alama 9. Ile alama moja ya ziada imetoka wapi? Askofu peke yake amefungwa katika rangi moja ya miraba. Mpe miguu ya ngome na kifungo hicho kinakatika. Muungano umeponya kilema cha mmoja wao. Wanaofundisha maneno ambatani wanalijua jambo hili: maana ya neno zima haipatikani kwa kujumlisha vipande. Mwanasiasa si mtoto wa siasa, ingawa wako wanaotupa sababu ya kudhani hivyo.

Swali zito ni lile nililoliweka kwenye anwani: kanuni ni za nani? Mwaka 1962 Mmarekani Robert Abbott aliutangaza mchezo ambao baadaye ulijulikana kwa jina la Ultima. Humo kete nyingi husogea kwa namna moja lakini kila moja hula kwa njia yake. Kuna inayokula kwa kumbana adui katikati, kuna inayokula kwa kumwondokea jirani yake, kuna isiyokula kabisa ila humgandisha kila adui aliye karibu nayo, na kuna kinyonga, ambaye humla kila adui kwa namna ya adui huyo mwenyewe. Mchezo ulipata wapenzi. Baadaye Abbott akauona una kasoro: mchezaji hawezi kuona kwa uwazi ni nini kitakachofuata baada ya hatua yake. Akapendekeza marekebisho. Wachezaji hawakuyajali, wakaendelea na kanuni za 1962 kana kwamba mwenyewe hakusema lolote.

Nadhani Abbott alikuwa na haki kuhusu kasoro, na wachezaji walikuwa na haki kuhusu mamlaka. Kanuni ikishaingia mikononi mwa watumiaji, aliyeitunga huwa mtumiaji mmoja miongoni mwao. Sisi wenyewe tumeyaona. Wataalamu walitupa *ngamizi*, wengine wakatupa *tarakilishi*, yote mawili yakiwa yametengenezwa kwa ufundi, na umma ukaendelea kusema *kompyuta*. Neno *tarakilishi* limejipatia makao katika vitabu vya shule za Kenya, na huenda likadumu humo, lakini mtungaji wa neno hana askari wa kulisindikiza sokoni.

Ziko hata hivyo nyakati ambapo mabadiliko hupenya, na inafaa kuuliza ni yepi. José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia toka 1921 hadi 1927, aliogopa kwamba mabingwa wangefikia kujua mno hata michezo yao yote iishie sare. Akapendekeza ubao wa miraba 10 kwa 8 na kete mbili mpya, moja ikiunganisha ngome na farasi, nyingine askofu na farasi. Wala hakuwa wa kwanza, kwani Mwingereza Henry Bird alikuwa amependekeza mchezo wa namna hiyo mwaka 1874, na Mwitalia Pietro Carrera mwaka 1617. Karne tatu za mapendekezo, na dunia haikuhama. Mtu angehitaji ubao mpya na kete mpya, na vitabu vyake vyote vingegeuka kuwa karatasi za kufungia karanga.

Kisha akaja Bobby Fischer, bingwa wa mwaka 1972, mtu wa tabia ngumu lakini mwenye jicho kali. Tarehe 19 Juni 1996, mjini Buenos Aires, alitangaza sataranji ambayo haibadilishi ubao wala kete. Inabadilisha mpangilio wa safu ya nyuma tu, na mpangilio huo huamuliwa kwa bahati nasibu kabla ya kila mchezo. Masharti yake ni kwamba maaskofu wawili wakae kwenye rangi tofauti, na mfalme awe baina ya ngome zake. Mwalimu wa hisabati anaweza kulifanya hili somo la nusu saa: maaskofu wana nafasi 4 mara 4, yaani 16, malkia huchagua katika miraba 6 iliyosalia, farasi wawili huchagua katika 5, na njia zao ni 10, mfalme na ngome hawana la kuchagua. Zidisha 16 kwa 6 kwa 10 na utapata 960. Wazo la kuchanganya kete lilikuwapo kabla ya Fischer, lakini masharti yake ndiyo yaliyolipa umbo. Mwaka 2019 shirikisho la sataranji la dunia liliitambua michuano ya kwanza ya ubingwa wa aina hii, ambamo Wesley So alimshinda Magnus Carlsen katika fainali nchini Norway.

Alichokuwa akikipiga vita Fischer ni kukariri. Bingwa wa siku hizi huingia mchezoni akiwa amehifadhi hatua ishirini au zaidi za mwanzo, na mara nyingine mashindano ya akili huwa mashindano ya nani alikesha zaidi na kompyuta yake. Mwaka 2020 bingwa mwingine wa zamani, Vladimir Kramnik, alishirikiana na watafiti wa DeepMind kuchunguza kanuni 9 mbadala. Moja inamnyima mfalme haki ya kujisitiri kwa kupishana na ngome. Nyingine inamruhusu mchezaji kula kete zake mwenyewe. Programu yao, AlphaZero, ilijifundisha kila mchezo kwa kucheza dhidi ya nafsi yake. Mashine inaweza kutuambia kama kanuni inampendelea anayeanza. Kama kanuni inafurahisha, hilo bado ni letu kuamua.

Mwalimu mwenzangu atakuwa amekwisha kuona ninakoelekea. Darasa letu la sarufi linafanana mno na ule mchezo uliokaririwa. Mwanafunzi huijua orodha ya ngeli kama anavyoijua nambari ya simu ya nyumbani, akaimwaga katika mtihani, na hajapata kujiuliza kingetokea nini kama Kiswahili kingekuwa na ngeli tatu tu, au kama kitenzi kisingepatana na nomino yake. Sisi wanaisimu huijua kanuni kwa kuivunja: tunatunga sentensi mbovu, tunaitia nyota, kisha tunauliza ni nini hasa kilichoiharibu. Kwa nini mwanafunzi wa kidato cha tatu asipewe ruhusa hiyo?

Wenye chama cha sataranji shuleni wana chombo tayari. Wape wanafunzi kazi ya kubadilisha kanuni moja, moja tu, na kuiandika kwa Kiswahili sanifu kiasi kwamba wenzao wa darasa jingine waweze kuicheza bila kuuliza swali. Nawahakikishia kwamba hakuna insha itakayowatoa jasho kama hiyo. Chukua kanuni ambayo Mfaransa Pierre Monréal aliitunga kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, katika mchezo uitwao Circe: kete ikiliwa, haifi, hurudi nyumbani ilikoanzia. Sentensi fupi, yenye kueleweka na kila mtu. Kisha mchezo uanze. Katika hatua ya nane farasi ataliwa, na mwanafunzi mmoja atauliza farasi huyo arudi wapi, maana kila upande una farasi wawili na nyumba mbili. Mwingine atauliza itakuwaje ikiwa nyumba yenyewe imekwisha kukaliwa. Wafuasi wa Monréal walilijibu la kwanza kwa kusema kwamba farasi hurudi kwenye nyumba yenye rangi ya mraba alioliwa, na la pili kwa kusema kwamba kete isiyo na pa kurudi huondoka ubaoni. Lakini msiwaambie wanafunzi. Waacheni wabishane, na kila kundi liandike kifungu chake.